Ratili Tano za Magadi

Walioungua ni wale waliotii. Hilo ndilo lililowakera watu wa Masama, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, mwaka ule wa hamsini na tatu kuliko hata hasara yenyewe. Chokaa haikufika msimu ule, na kila mkulima wa kahawa anajua kwamba mrututu, ile dawa ya buluu ya kunyunyizia, bila chokaa ni sumu kwa majani. Basi ofisi ya kilimo ikatoa karatasi ya Kiswahili, ukurasa mmoja tu: asiye na chokaa achanganye mrututu ratili nne, magadi ratili tano na maji galoni arobaini, kisha anyunyizie mibuni yake kuzuia kutu ya majani. Wavivu waliwashia moto karatasi ile. Wakaidi walisema watangoja chokaa hata ije pamoja na Masihi. Ila watu kumi na wawili, wenye bidii na wenye kuheshimu maandishi, walipima, wakakoroga, wakanyunyizia. Siku ya nne majani ya mibuni yao yalikuwa meusi pembeni, yamejikunja, yanapukutika.

Bwana shamba wa Kizungu aliyesimamia upande ule watu walimwita Bwana Ratili, kwa kuwa hakuna alilolisema bila kutia ratili ndani yake. Alikuja, akatazama, akatamka neno moja: uzembe. Watu hawa, alisema, wamepima kwa mikono na kwa macho, wameharibu dawa ya serikali, na mibuni iliyoharibiwa hivyo ni maskani ya ugonjwa. Akaamuru kila shina lizungushiwe alama nyeupe, na Ijumaa ya wiki ya pili kwenye baraza kila mwenye mibuni ile apewe amri ya kuing'oa kwa mkono wake mwenyewe. Chokaa ya kunyunyizia haikuwako, lakini ya kupakia alama ilipatikana ndoo nzima.

Mmoja wa wale kumi na wawili alikuwa Aikande, mjane mwenye mibuni mia tatu iliyopandwa na marehemu mumewe. Mwanawe Elisaria alifundisha sayansi katika shule ya sekondari kule chini, karibu na mji wa Moshi. Na hapa ndipo penye kisa, kwa sababu aliyeitafsiri karatasi ile kutoka Kiingereza alikuwa Elisaria huyo huyo. Ofisi ilimwomba, akaifanya kazi kwa usiku mmoja, akajisifu moyoni kwamba Kiswahili chake kimenyooka.

Aliposikia habari za majani aliamini kama Bwana Ratili, ingawa aliona aibu kuamini hivyo. Alidhani mama yake na wenzake wamekosea vipimo. Aliamini hivyo mpaka alasiri ya Jumatano, alipokuwa akisahihisha madaftari ya darasa la kumi.

Swali lilikuwa jepesi: tafuta uzito wa fomula wa soda ya kufulia. Fomula yenyewe alikuwa ameiandika ubaoni, sodiamu mbili, kaboni moja, oksijeni tatu, halafu nukta, halafu maji kumi. Kazi ya mwanafunzi ni kuipa kila atomi uzito wake na kujumlisha. Filemon, mtoto wa Mwika mwenye haraka ya kumaliza kabla ya wenzake, alikuwa ameandika: sodiamu ishirini na tatu mara mbili, arobaini na sita, kaboni kumi na mbili, oksijeni kumi na sita mara tatu, arobaini na nane, jumla mia moja na sita. Chini ya jibu alipiga mistari miwili ya majivuno. Elisaria akachovya kalamu katika wino mwekundu, akaandika: "Umeyasahau maji! Kumi mara 18 ni 180. Jibu ni 286."

Akataka kufungua daftari linalofuata, lakini mkono ukakataa. Akarudi kusoma alichokiandika. Kisha akaenda kabatini kuitafuta nakala yake ya karatasi ya ofisi.

Kiingereza kilikuwa kimesema soda ya kufulia. Yeye aliandika magadi. Angeandika nini kingine? Mama yake alifulia magadi, alilainishia kwa magadi maharage ya kiburu, yale yapikwayo pamoja na ndizi, na tumbo likimsokota mtoto alimkorogea magadi. Kwa Mchaga, na kwa Mswahili wa mjini vilevile, kitu cheupe cha kutia povu na kulainisha ni magadi, basi. Lakini soda aliyoikusudia Mwingereza ni ile ya kwao, chembe kubwa zenye kung'aa, zilizofungia maji ndani yake. Katika kila sehemu mia mbili themanini na sita, soda ni mia moja na sita tu, na mia moja na themanini ni maji matupu.

Alipiga hesabu nyuma ya karatasi ile ile. Ratili tano za soda ya Kiingereza hazina hata ratili mbili za soda yenyewe. Kama magadi waliyonunua watu wa Masama yalikuwa makavu, basi walitia karibu mara tatu ya kinachotakiwa, tena kwa uangalifu, kwa mizani, kama walivyoambiwa. Elisaria aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Alikuwa amewadhania wazee wake ujinga, kumbe mjinga alikuwa na kalamu nyekundu mkononi.

Alipanda baiskeli mpaka mjini, dukani kwa Mzee Abasi, ambako nusu ya Masama hununua vitu vyao.

"Shikamoo, Mzee Abasi."

"Marahaba, mwalimu. Mbona unahema? Umefukuzwa?"

"Bado. Nionyeshe magadi uliyowauzia watu wa kwetu."

Abasi alifungua mdomo wa gunia. Unga mweupe, mkavu, wa kupeperuka ukiupulizia pumzi. Elisaria akauliza kama hakuwa na yale ya chembe zinazong'aa.

"Hayo niliyaona kwa Wazungu, kwenye makopo," alisema Abasi. "Wenzako walikuja na karatasi, imeandikwa magadi. Wakaomba magadi, nikawapa magadi. Kwani nimekosa?"

"Hujakosa, mzee. Aliyekosa namjua."

Jumamosi alipanda mlimani. Karibu na kihamba chao, shamba la ukoo linalozunguka nyumba, alisimama kwenye ua wa masale, akachuma jani moja refu. Mchaga aliyemkosea mwenzake hasemi sana: huja na jani la isale mkononi, na aliyekosewa akilipokea, amekwisha kusamehe. Aikande alikuwa akimenya ndizi mlangoni. Alipoona jani, kisu kikasimama.

"Umemkosea nani?"

"Wewe, Mama. Na majirani kumi na mmoja."

Akamweleza yote, taratibu, maji na soda na mia mbili themanini na sita. Aikande hakuwa amesoma zaidi ya katekisimu, lakini alikuwa amekausha kahawa miaka thelathini, na mtu wa namna hiyo hahitaji kufundishwa kwamba maji yana uzito.

"Kwa hiyo," alisema mwishowe, "nimekulea, nimekupeleka shule, umesoma mpaka umevuka mipaka, halafu umekuja kunichomea kahawa kwa neno nililokufundisha mwenyewe jikoni."

"Ndiyo, Mama."

Alicheka, lakini machozi yalikuwa yakimlengalenga. Aliinuka, akaenda kwenye mbuni wa karibu, akakwangua gome kwa ncha ya kisu. Ndani palikuwa pabichi, kijani kabisa. "Tazama. Mti u hai. Majani yatarudi mvua ikishika. Nilijua, lakini nani angenisikiliza?" Ndipo akalipokea lile jani. "Langu limekwisha. Kumi na mmoja wanakungoja. Na uende mchana, watu wakikuona."

Alikwenda Jumapili, watu wakitoka kanisani na nguo zao nzuri. Salvina, jirani wa chini ya mfereji, alilipokea jani kabla hajamaliza kusema, kisha akamtukana kwa utulivu mpaka roho yake ikaridhika. Mzee mmoja alimwacha amesimama uani kwa muda wa kuvuta kiko kizima. Lakini jua lilipoanza kushuka, majani yote kumi na moja yalikuwa yamepokewa, na hapakuwa na mtu kati ya wale kumi na wawili asiyejua neno lililowaunguza ni la nani.

Jumatatu alimwandikia Bwana Ratili barua yenye hesabu nzima. Jumatano Bwana Ratili alikuja shuleni mwenyewe, akasimama mlangoni mwa maabara na barua mkononi. Alizungumza Kiingereza, kwa sauti ya chini.

"Hesabu yako ni sahihi."

"Basi ondoa alama kwenye mibuni."

"Usiende mbio. Karatasi ile imekwisha kufika kwa wakulima wengi. Nikisema ofisi haikujua soda ni kitu gani, kesho hakuna atakayefuata amri yoyote. Ijumaa nitasema ni uzembe, kama nilivyosema. Mibuni ya mama yako nitasema ilikaguliwa upya, ikaonekana nzima. Wewe utanyamaza."

"Na ile ya wengine?"

"Ni watu kumi na mmoja tu." Alikunja barua. "Aliyeandika magadi ni wewe, mwalimu. Ukifungua mdomo, nitawaambia wao, na nitawaambia wenye shule. Hutafundisha tena hapa wala mahali pengine."

"Aliyeandika ni mimi," alisema Elisaria. "Aliyetia sahihi ni wewe."

Alisema hivyo akijua anachokihatarisha. Kazi ile aliipenda. Alipenda harufu ya maabara, na sura ya mtoto pale hesabu inapomkubali. Alhamisi alipanda tena kwa mama yake akiwa amelibeba sharti la Bwana Ratili kama mzigo wa miba, na kusema kweli, kuna pembe ya moyo wake iliyotaka Aikande aseme: kubali.

Aikande hakulisema neno hilo.

"Yangu isimame, ya Salvina ing'olewe," alirudia polepole. "Halafu kesho nishuke kuchota maji kwenye mfereji mmoja naye. Nimwambie nini? Habari za asubuhi?"

"Nikiichemsha soda barazani, watu waone maji yake yakitoka, nitapoteza kazi, Mama."

"Utaipoteza." Hakumpunguzia hata punje. "Baba yako alikula kwenye kihamba hiki bila cheti cha mtu. Na wewe utakula. Sufuria kubwa iko pale nyuma ya mlango, kama ndiyo unayoitaka."

Ndiyo aliyoitaka. Ijumaa asubuhi alifika uwanja wa baraza nayo, pamoja na mizani ya Mzee Abasi aliyoiazima, na kopo la soda ya kufulia la maabara, alilolichukua bila kumwomba mtu. Watu walikuwa wamejaa. Mchili, mkubwa wa mtaa, alikuwa kwenye kiti chake, na Bwana Ratili nyuma ya meza yenye karatasi na kidau cha wino wa dole gumba. Elisaria akapanga mafiga matatu katikati ya uwanja na kuwasha moto.

"Hapa si darasa," alisema Bwana Ratili, sasa kwa Kiswahili, watu wasikie.

"Ni kweli, Bwana. Darasani ningekuruhusu kuuliza."

Watu wakaguna, wengine wakaficha vicheko kwenye mashuka. Mchili akainua mkono. Alisema tu kwamba angependa kuona kijana wa Aikande anapika nini.

Elisaria akamwomba Salvina apime soda ratili moja. Salvina akapima, wakia kumi na sita kamili, chembe zenye kung'aa, kavu mkononi. Wakazimimina kwenye sufuria. Hakutia maji hata tone. Punde chembe zikaanza kulegea, zikayeyuka, na sufuria kavu ikajaa maji yanayochemka. Watu wakasogea. Mvuke ukapanda, ukapanda, naye akakoroga kwa mwiko mpaka kilichobaki kikawa unga mweupe mkavu, wa kupeperuka. Akauacha upoe, akaumimina kwenye mizani, akamwomba mchili asome mwenyewe.

"Wakia sita," alisema mchili. Akasoma tena. "Sita."

"Kumi zimekwenda wapi?" aliuliza Elisaria.

"Zimepanda juu," alisema Salvina. "Tumeziona."

"Soda ya Wazungu ni ile ya kwanza. Magadi ya dukani ni haya yaliyobaki. Karatasi ilitaka ratili tano za ile yenye maji. Ninyi mkaambiwa ratili tano za magadi, mkatia tano, kavu tupu. Hamkuzembea. Mngezembea, mkatia mbili, kahawa yenu ingekuwa kijani leo."

Hapo uwanja ulivuma. Bwana Ratili aligonga meza, uso umemwiva.

"Waambie!" alipiga kelele. "Waambie nani aliandika neno magadi! Ninyi mnamshangilia, hamumjui. Ni yeye! Mwalimu wenu ndiye aliyechoma kahawa!"

Akangoja. Hakuna aliyeshtuka. Yule mzee wa kiko alikohoa, akatema mate pembeni.

"Tunajua," alisema. "Alileta isale tangu Jumapili. Tumepokea. Wewe lako liko wapi?"

Bwana Ratili akamgeukia mchili. Aliuliza isale ni nini. Mchili akamweleza kwa maneno machache, bila kutabasamu. Bwana Ratili alitazama mizani, akatazama watu, na inaonekana alipima jambo kichwani. Aliposema tena, sauti ilikuwa laini.

"Vema. Serikali ina huruma. Mibuni haitang'olewa. Mtaweka dole gumba hapa, chini ya maneno haya: sisi tuliokosa tunaomba msamaha. Basi, mambo yamekwisha."

Aliandika maneno yale mwenyewe, akasukuma karatasi mbele pamoja na kidau. Elisaria aliyasoma juu chini kutoka alipokuwa amesimama, na hasira ilimpanda ambayo hakuwa nayo hata Jumatano mlangoni mwa maabara. Yalikuwa maneno machache tu ya Kiswahili, yote sahihi, na yote uongo.

Kumi na wawili wakatazamana. Mibuni ilikuwa pale, imekombolewa, kwa kidole kimoja tu. Mtu mwingine yeyote angeweka. Aikande akapita mbele, akaichukua ile karatasi, akampa mwanawe.

"Soma."

Akasoma.

"Nani kati yetu amekosa?"

"Hakuna, Mama."

"Basi geuza upande wa pili, uandike ilivyokuwa. Na safari hii angalia maneno yako."

Elisaria akaigeuza, akapiga magoti kwenye kona ya meza ya Bwana Ratili, akachukua kalamu yake, akaandika. Aliandika kwamba ofisi ilitoa karatasi yenye neno lisilotosha. Kwamba mwenye kuandika neno alikuwa yeye na mwenye kulipitisha alikuwa Bwana Shamba. Kwamba soda yenye maji ina uzito wa mia mbili themanini na sita, na kavu mia moja na sita. Na kwamba watu hawa kumi na wawili walipima kama walivyoandikiwa. Akasoma kwa sauti, mstari kwa mstari. Salvina alimsimamisha mara moja, akataka aongeze kwamba mibuni i hai. Akaongeza.

"Karatasi hiyo haina nguvu yoyote," alisema Bwana Ratili. "Sitaipokea."

"Nitaipokea mimi," alisema mchili. "Nitaipeleka mjini kwa mkono wangu."

Aikande akachovya dole gumba kwenye wino, akalikandamiza mpaka meza ikayumba. Salvina akafuata. Mzee wa kiko alikataa kusaidiwa, akachafua nusu ya mstari, hakuna aliyemlaumu. Mmoja baada ya mwingine, wote kumi na wawili, na Bwana Ratili amesimama pembeni ya wino wake mwenyewe akiwatazama.

Elisaria akaweka jina mwisho. Aliandika jina lake na la baba yake, na mbele yake, kama barua rasmi zinavyotaka, akaandika kazi yake: mwalimu. Bwana Ratili aliinama, akalisoma, akamwambia kwa Kiingereza kwamba neno hilo limekwisha kuwa la uongo tangu asubuhi ile. Elisaria alifuta kalamu kwenye shati lake, akamrudishia, akaliacha neno pale lilipo.